Risasi na Kiasi: Istilahi za Vipuri vya Silaha Kuukuu

Mtafsiri wa maelezo ya kiufundi anaweza kuandika: "Badilisha silinda, kisha tia risasi inayoingia." Kisarufi, sentensi hii haina kasoro. Kiistilahi ni ya hatari, na yafaa tuichunguze.

Neno "risasi" limebebeshwa maana tatu: madini yenyewe, kipande kirukacho kutoka mtutuni, na kifungu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Hata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, itajwapo kwa Kiswahili, hulitumia neno hilo hilo kwa maana pana. Aidha, "bastola" hutumiwa bila kubagua ile yenye silinda izungukayo na ile isiyo nayo.

Kiswahili cha zamani hakikuwa na upungufu huu. Kilizitofautisha bunduki kwa namna ya kuwaka kwake: bunduki ya mrao, yaani ya utambi, ya gumegume, yaani ya jiwe la cheche, ya fataki, na ya viasi, ambayo baruti na risasi yake zimekwisha kufungwa pamoja kwa kipimo.

Historia ya Masasi na Newala yaonyesha kwa nini ubaguzi huo ulihitajika. Vita vya Maji Maji, vilivyofika Masasi mwaka 1905, vilipiganwa pia kwa magobore. Mwaka 1916 Wareno waliitwaa Newala mwezi Oktoba, wakaipoteza Novemba. Na Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita pande hizo likielekea kuvuka Ruvuma. Vita hivyo vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi hilo la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye viasi vya baruti nyeusi iliyotoa moshi mwingi, hali baruti isiyo na moshi ilikwisha kuenea katika majeshi mengine. Neno "risasi" peke yake haliwezi kuvitenganisha vizazi hivyo vya silaha.

Wala jambo hili si la maneno matupu. Bastola za silinda za Webley, ambazo jeshi la Uingereza lilianza kuzipokea mwaka 1887, ziliundiwa viasi vyake maalumu. Baadaye, huko Marekani, nyingi zilichongwa silinda ili zipokee viasi vya .45 ACP. Viasi hivyo viliingia. Lakini shinikizo lake la kawaida huzidi kiwango ambacho bastola hizo ziliundwa kulihimili, na silinda yaweza kupasuka mkononi mwa mtumiaji.

Kuingia, basi, si kufaa. Twapendekeza "risasi" ibaki kwa kipande kirukacho, na "kiasi" kirudishwe kwa kifungu kizima. Kadhalika vitenzi vitenganishwe: kipuri "huingia" kwa ukubwa wake, "huoana" na sehemu nyingine kwa mwendo wake, na "huhimili" shinikizo kwa uimara wake.

Huenda ikasemwa kwamba "kiasi" siku hizi ni kadiri tu. Pingamizi hilo si zito: mtafsiri aandike "kiasi cha bunduki" mara ya kwanza, na muktadha utatosha baada ya hapo. Sentensi yetu sasa yaweza kusomeka hivi: "Badilisha silinda kwa kipuri kinachooana na mtutu, kisha tia viasi ambavyo bastola yenyewe inavihimili." Imerefuka kidogo, lakini fundi aisomaye hatadanganyika.