Umeme Ulipokatika Ghana

Juni 2017 kirusi kilichopewa jina la NotPetya kilipenya kwenye mtandao wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, kikafyeka seva zake moja baada ya nyingine. Pigo kubwa lilikuwa zile zipatazo 150 zilizotunza majina ya watumiaji na ruhusa zao. Zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, moja ikianguka nyingine ziibebe. Kuanguka kwa zote siku moja hakukuwamo kwenye hesabu. Iliponea moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika kirusi kilipopita. Huenda ndiyo mara pekee idara ya kompyuta imewahi kushukuru giza.

Ufundi wa bekapu ni kuihesabu siku kama hiyo kabla haijafika, tena kwa seva zisizofanana. Chumba cha seva hujengwa kwa miaka, kila mkuu na bajeti yake: Windows ya wahasibu, Linux ya tovuti, hifadhidata ya PostgreSQL, na pembeni mkongwe mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumzima. Kishawishi ni kutafuta njia moja ya kuwabeba wote. rsync, programu ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras ya mwaka 1996, hutuma vipande vilivyobadilika tu. Kwa faili za tovuti ni raha tupu. Ielekeze kwenye hifadhidata inayoendelea kuandikwa, utapata mwanzo wa faili wa saa nane kamili usiku na mwisho wake wa saa nane na robo. Faili ipo, tarehe ipo, data hazisomeki. Zana iitwayo pg_dump ndiyo inayoijua PostgreSQL: hutoa hali ya nukta ileile ilipoanza kazi, huku wateja wakiendelea kuandika. Windows nayo ina VSS, huduma inayoziomba programu zitulie kidogo, picha ya diski ichukuliwe, kisha ziendelee.

Hata njia sahihi huweza kufa kimyakimya. Usiku wa 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, alifuta data za seva kuu. Alipogutuka, GB 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. pg_dump yao ilikuwa toleo 9.2 na hifadhidata 9.6, hivyo ilikuwa ikigoma kila mara. Barua pepe za kuonya nazo zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa chache kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Uungwana wao ni kwamba hawakuficha: urejeshaji waliurusha moja kwa moja YouTube.

Ndiyo maana fundi mzuri huitoa sadaka Jumamosi yake akirejesha seva isiyo na kasoro yoyote kwenye mashine ya pembeni, saa mkononi. Hapo ndipo hujulikana kama nywila ya nakala ipo, na kama laini ya intaneti inaweza kurudisha kwa mkupuo kile ilichopeleka kidogokidogo kwa miezi.

Maersk walikutana na swali hilo la laini. Data za Ghana, mamia ya GB, zilihitajika Uingereza kwa urejeshaji, na laini ya ofisi ile ingechukua siku kadhaa. Ikaamuliwa diski ipande ndege. Kumbe ofisini Ghana hapakuwa na mwenye viza ya Uingereza. Ikabidi diski ipelekwe kwanza Nigeria, ikabidhiwe mfanyakazi mwingine uwanjani, naye akaruka nayo hadi Heathrow.