Amortisma si deni

Nimesoma kijitabu kimoja cha hesabu za shamba, kilichotafsiriwa toka Kifaransa kwa ajili ya wakulima wa mpunga wa Bonde la Ruzizi. Kurasa za mbegu na mbolea ni nzuri, zinaeleweka. Shida iko kwa neno moja: amortisma.

Mtafsiri ameandika "kulipa deni polepole". Kwa Kifaransa cha benki hajakosea. Lakini kwa hesabu ya shamba neno lilelile ni kitu kingine: thamani ambayo chombo kinapoteza kila mwaka juu ya kazi. Tuseme mashini ya kukoboa mpunga imenunuliwa dola 1500 na itadumu miaka 5. Kila mwaka inakula dola 300, hata kama ililipwa yote siku ya kwanza.

Huko Sange mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, sisi hatuna deni kwa mutu. Hapa tuandike nini?" Mstari ukabaki wazi. Zile dola 300 zikahesabiwa faida, wakagawana. Siku mashini itakufa, watakopa ili wanunue ingine. Hapo ndipo deni lenyewe litaanza.

Watanzania wanasema "uchakavu". Mimi ningeandika "kuzeeka kwa chombo", maana kila mkulima wa kwetu anajua jembe linazeeka. Kando yake ningeacha neno la Kifaransa, juu fomu za benki za hapa Uvira zinaandikwa kwa lugha hiyo.

Nyinyi muliosoma hesabu, mungelitafsiri namna gani?