Vera Rubin na ufundi wa kupima mwendo wa galaksi

Nuru ya galaksi ya Andromeda husafiri kama miaka milioni mbili na nusu kabla ya kutufikia. Kujua jinsi galaksi hiyo inavyozunguka ni kazi ya hesabu, lakini kwanza ni kazi ya mikono. Vera Rubin, mwanaastronomia wa Marekani aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1928 na kufariki mwaka 2016, aliifanya kazi hiyo kwa miongo mingi, tena kwa uangalifu ambao unastahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Chanzo cha kila kipimo chake kilikuwa mstari wa rangi. Gesi ya hidrojeni inayong'aa hutoa, pamoja na rangi nyingine, mstari mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Wingu la gesi likituacha, mstari huo husogea kidogo upande wa wekundu. Likitujia, husogea upande wa buluu. Katika galaksi inayozunguka, upande mmoja husogea kutujia na upande wa pili kutuacha, ukilinganisha na kitovu. Msogeo wenyewe ni mdogo mno: wingu lenye mwendo wa kilomita 300 kwa sekunde husogeza mstari kwa sehemu moja tu ya elfu. Mpimaji akikosea kidogo, amekosea kila kitu.

Rubin alijiunga na Taasisi ya Carnegie mjini Washington mwaka 1965, akamkuta Kent Ford, fundi hodari wa vifaa. Ford alikuwa ameunda spektrografu, kifaa cha kuitawanya nuru katika rangi zake, yenye uwezo wa kukuza nuru hafifu. Nuru ilipogonga uso wa kifaa ilitoa elektroni, elektroni zikaongezwa kasi na kugonga skrini iliyong'aa, na skrini hiyo ndiyo iliyopigwa picha. Picha ambayo ingehitaji usiku mzima, au isingepatikana kabisa, sasa ilipatikana kwa saa chache. Wawili hao wakageukia Andromeda.

Msomaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuiona galaksi hiyo upande wa kaskazini katika usiku usio na mbalamwezi, miezi ya Oktoba na Novemba, akiwa mbali na taa za mji. Ila jicho hukamata kitovu chake tu. Rubin alitaka kwenda pembezoni, kwenye mawingu ya gesi ambayo hata kwa darubini kubwa hayakuonekana kwa macho. Mwanaastronomia Walter Baade alikuwa amekwisha kuyaorodhesha kutokana na picha zake. Ili kulifikia wingu moja, Rubin na Ford walianza kwenye nyota inayoonekana, wakaisogeza darubini kwa kiasi walichokipigia hesabu, wakaziamini namba zao. Ndivyo afanyavyo mvuvi anayeufikia mwamba wa chini ya maji kwa kupanga alama za nchi kavu. Kisha ilibidi nyota ya kuongozea isitoke kwenye alama yake kwa saa kadhaa, ndani ya kuba lenye giza na baridi, huku dunia ikizunguka.

Vioo vya picha navyo vilikuwa na adabu yake. Vilikatwa vipande vidogo gizani, vikapashwa joto ndani ya naitrojeni ili viikamate nuru vizuri zaidi, vikasafishwa kwa dawa baada ya kupigwa picha. Baadaye kila kioo kiliwekwa chini ya hadubini ya kupimia, na mahali pa kila mstari pakasomwa kwa uangalifu. Mwendo wa wingu moja ulipatikana hivyo. Yalikuwepo mawingu 67.

Matarajio yalijulikana. Katika mfumo wa jua letu, Zebaki hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali sana na jua, kilomita 5 hivi. Kwa kuwa nuru ya galaksi imejazana katikati, wengi walidhani uzito nao umejazana huko, kama ulivyojazana kwenye jua, na kwa hiyo mawingu ya mbali yangekwenda polepole. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1970 hayakuonyesha hivyo. Mbali kabisa na kitovu, mawingu yaliendelea kukimbia yapata kilomita 200 kwa sekunde.

Ninachokistahi kuliko vyote ni alichokifanya Rubin baada ya hapo. Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alikuwa ameona dalili za maada isiyoonekana katika kundi la galaksi la Coma, na wanaastronomia wa redio nao walikuwa wakipima gesi ya galaksi kwa njia yao. Rubin hakukimbilia tangazo. Alirudi kwenye darubini. Mwaka 1980 yeye, Ford na Norbert Thonnard walichapisha vipimo vya galaksi 21, kuanzia NGC 4605 iliyo ndogo hadi UGC 2885 iliyo kubwa ajabu. Mwaka 1982 zikaja 23, na mwaka 1985 zikaja 16. Galaksi 60, kubwa kwa ndogo, za maumbo tofauti, na takribani zote zikatoa ushahidi uleule: mwendo haushuki pembezoni. Baada ya hapo wanaastronomia wengi walikubali kwamba galaksi zimezama ndani ya maada nyeusi, maada isiyotoa nuru. Leo inakadiriwa kuwa takribani sehemu tano kati ya sita za maada yote ni ya aina hiyo.

Uangalifu huohuo aliuingiza katika mazungumzo yake na umma. Katika mihadhara, na katika kitabu chake cha mwaka 1997, Bright Galaxies, Dark Matters, alitenganisha alichokipima na kile ambacho wengine walikikisia. Aliacha mlango wazi hata kwa wazo kwamba huenda kanuni zetu za mvutano ndizo zinazohitaji kurekebishwa. Msikilizaji alipewa heshima ya kuambiwa ukweli mzima, pamoja na mapengo yake.

Aliwatetea pia wanawake waliotaka kuingia katika kazi hii, maana vizuizi alivijua. Chuo Kikuu cha Princeton hakikuwapokea wanawake katika masomo yake ya uzamili ya astronomia hadi mwaka 1975. Yeye alisomea udaktari wake Chuo Kikuu cha Georgetown katika madarasa ya usiku, akiwa mama wa watoto wadogo, akauhitimisha mwaka 1954. Mwaka 1996 Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia ya Uingereza ilimpa Medali ya Dhahabu. Mwanamke aliyemtangulia kuipata alikuwa Caroline Herschel, mwaka 1828.

Sasa kuna kituo cha uchunguzi chenye jina lake juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, chenye kioo cha mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200. Picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025, na kazi iliyopangwa ni kupiga picha anga ya kusini tena na tena kwa miaka kumi. Kompyuta zitapima galaksi nyingi kuliko mtu yeyote angeweza kuzipima maishani mwake. Hata hivyo, mtu ndiye atakayechagua swali, ndiye atakayeamua kwamba galaksi moja haitoshi, na ndiye atakayesimama mbele ya watu kueleza kipi kimepimwa na kipi bado ni dhana. Mwanafunzi wa sayansi, hata asiye na darubini, anaweza kuanza kujizoeza ufundi huo leo.