Mthamini Kati ya Mikorosho

Barabara mpya inapopangwa kupita kijijini, kabla ya greda hufika mthamini. Ana futi, kamera na fomu, na mwenyekiti wa kitongoji yuko kando yake. Kazi yake ni kuhesabu hasara ambayo bado haijatokea.

Mfuate kwenye mikorosho. Anayelipua kazi angeandika idadi na kuondoka. Huyu huuliza mti ulipandwa lini, hutazama shina, hukagua matawi yaliyokauka, kisha huutia kwenye fungu lake: mche, unaokua, unaozaa, uliozeeka. Mwenye shamba anajua zaidi yake, kwamba huu ulishikwa na ubwiri unga na ule wa mpakani huzaa kuliko yote. Mthamini mzuri husikiliza hayo yote, kisha hurudi kuutazama mti. Wakimaliza, mwenye mali hupigwa picha mbele ya mali yake ameshika kibao chenye namba, halafu hutia saini au dole gumba.

Kwenye nyumba hukadiria gharama ya kujenga nyumba ya aina hiyo leo, akatoa uchakavu. Ugumu uko kwenye uchakavu. Bati lenye kutu huonekana, lakini msingi uliojengwa vizuri umefukiwa, na asiyeuliza atamdhulumu aliyeujenga.

Yapo pia yasiyoshikika. Kanuni za fidia za 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, zinayapa hesabu. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara miezi 36. Usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20 (tani 12! Wengi wetu tungehama na nusu ya lori). Posho ya usumbufu huzidisha thamani ya ardhi kwa wastani wa riba ambayo benki hulipa kwa amana za miezi 12. Hii naipenda kwa ukavu wake: uchungu wa kuhama umeachwa ulipo, mtu akapewa riba.

Anayepoteza biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36, ikithibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi. Mama ntilie wa kituo cha basi atamtoa wapi mkaguzi? Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Mchele kilo ngapi kwa siku? Gunia la mkaa humaliza siku ngapi? Siku ya mnada sahani huongezeka kwa kiasi gani, na msimu wa mvua je? Msichana wa kuosha vyombo analipwa nini? Majibu huandikwa moja moja, yakilinganishwa na ya jirani anayeuza chai, mpaka mwezi mmoja wa kawaida upatikane. Gharama hutolewa, na kinachobaki huzidishwa kwa 36.