Nafsi ya Kwanza Mbele ya Jopo

"Tueleze kuhusu wakati ambapo ulilazimika kufanya uamuzi wa haraka kazini na msimamizi wako hayupo." Aliyewahi kuketi mbele ya jopo la ajira mjini Kakamega, liwe la kaunti, la shule au la shirika la misaada, anaijua sentensi ya namna hii. Tunaiita swali, ilhali kisarufi ni amri. Haiulizi maoni ya mtu wala haimpimi masomo yake. Inaagiza hadithi, tena inaiwekea masharti kabla haijaanza: liwe tukio moja, liwe limeshapita, na mhusika mkuu awe msimulizi mwenyewe. Kuna pia sharti la nne ambalo halitamkwi ila kila msailiwa hulisikia, kwamba hadithi iishe vizuri.

Huo ni utanzu wa masimulizi, na unastahili kuhakikiwa kama utanzu. Nasema hivi kwa sababu kila kaunti inapotangaza nafasi, vijana wa kutoka Lugari hadi Khwisero hukusanya vyeti, hupiga foleni za stakabadhi, na wakishaorodheshwa hutumiana kwa simu majibu ya kukariri. Wanapewa maneno, lakini hakuna anayewaonyesha simulizi hiyo inasimama juu ya nini.

Asili yake si siri. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan alichapisha mbinu iliyotokana na kazi yake katika jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Badala ya kuuliza rubani bora ana sifa gani, watu waliombwa wasimulie tukio mahususi ambapo kazi ilifanywa vyema au ikaharibika. Mwaka 1980 Gary Latham na wenzake wakaandika juu ya usaili unaomweka mtu katika hali ya kudhaniwa: ungefanya nini? Mwaka 1982 Tom Janz akatetea upande wa pili, yaani ulifanya nini, kwa hoja kwamba aliyoyatenda mtu ndiyo dalili bora ya atakayoyatenda. Washauri wa ajira nao wakaeneza kanuni ya sehemu nne, hali, jukumu, kitendo na matokeo, ambayo wengi huijua kwa jina la STAR. Kanuni hiyo ndiyo inayofundishwa leo kila mahali, na ndiyo ninayotofautiana nayo.

Tuchukue mfano. Jibu lifuatalo nimelitunga mwenyewe, lakini umbo lake atalitambua yeyote aliyewahi kusikiliza wasailiwa. Anayezungumza ni muuguzi kijana:

"Nilipokuwa katika mafunzo ya nyanjani kwenye zahanati moja huko Shinyalu, umeme ulipotea na chanjo zikawa hatarini. Jukumu langu lilikuwa kuhakikisha chanjo ziko salama. Tulishirikiana kama timu, hatua za dharura zikachukuliwa, mawasiliano yakafanyika, na hatimaye chanjo zote ziliokolewa. Nilijifunza umuhimu wa ushirikiano na kustahimili shinikizo."

Sehemu zote nne zimo, na mwenye karatasi ya alama hana pa kukata. Sasa tufuate nafsi, kitenzi baada ya kitenzi. Sentensi ya kwanza inaanza na "nilipokuwa", ya pili ina "jukumu langu", na hadi hapo msimulizi yupo. Inapofika sentensi ya tatu, pale hasa ambapo jopo linataka kumwona akitenda, anatoweka. Kwanza anajificha ndani ya "tulishirikiana". Kisha inaingia kauli ya kutendwa, "zikachukuliwa", bila mchukuaji. Kisha kauli ya kutendeka, "yakafanyika", kana kwamba mawasiliano hujifanya yenyewe. Anarudi mwishoni, "nilijifunza", tukio likiwa limekwisha na hatari imepita. Mtu huyu yupo kabla ya kazi na baada ya kazi. Wakati wa kazi hayupo.

Tazama pia wakati. Je, umeme ulipotea kwa dakika kumi au kwa siku nzima? Hatujui. Na hakuna mtu mwingine mwenye uso: hakuna aliyekataa, aliyechelewa wala aliyeuliza. Kiambishi -ka-, ambacho katika Kiswahili kinabeba mtiririko wa visa hatua kwa hatua, hapa kimetumiwa kuunganisha nomino tupu. Naamini tabia hii wengi huitoa kwenye Kiingereza cha ripoti za mafunzo ya nyanjani, ambako wanafunzi huzoeshwa kuandika kana kwamba kazi haina mtendaji, na usaili mwingi bado huendeshwa kwa Kiingereza hichohicho.

Linganisha na jibu jingine, la tukio lilelile:

"Ilikuwa Ijumaa, msimamizi ameenda matangani na simu yake haipatikani. Saa nne asubuhi umeme ukapotea. Nikatazama kipimajoto cha friji, kikasoma nyuzi 5. Nikaamua nisiifungue. Kufikia saa saba kilikuwa kimepanda hadi 7. Nilikuwa na njia mbili: ningoje umeme, au nizipeleke chanjo kwa bodaboda hadi kituo cha afya chenye friji ya sola, bila ruhusa ya mtu. Nilijua zikipita nyuzi 8, Jumatatu nisingeweza kumwambia mama yeyote kwamba sindano hii ni nzuri. Nikatoa vibarafu, nikaviacha mezani hadi vikaanza kutoa jasho, ndipo nikavipanga kisandukuni pamoja na chanjo. Mhudumu wa afya wa jamii akaita bodaboda, mimi nikaandika daftarini saa na nyuzi, nikapanda nazo. Zilifika salama. Msimamizi aliporudi alinigombeza: palikuwa na namba ya pili ya dharura ukutani, nami sikuipiga."

Hapa -ka- inafanya kazi yake: ukapotea, kikasoma, nikaamua, nikatoa, nikaviacha, nikavipanga. Lakini kilicho bora zaidi ni pale mtiririko unaposimama. "Nilikuwa na njia mbili." Kwa sentensi mbili hakuna kinachotendeka. Msimulizi anapima, na sisi tunapima naye. William Labov na Joshua Waletzky, waliochapisha mwaka 1967 uchunguzi wao maarufu wa visa ambavyo watu wa kawaida husimulia kuhusu maisha yao, waliona kwamba simulizi huwa na sehemu ambapo tendo husitishwa ili msimulizi aonyeshe kwa nini jambo lile lilikuwa na uzito. Waliiita tathmini. Kanuni ya sehemu nne haina mahali pa kitu hicho. Inaruka kutoka jukumu hadi kitendo, kana kwamba anayejua jukumu lake hujua papo hapo la kufanya. Kazi halisi haiko hivyo. Kati ya jukumu na kitendo pana uamuzi, na uamuzi ndio unaotafutwa na jopo. Kama ningepewa nafasi ya kuirekebisha kanuni, ningeongeza sehemu hiyo kwanza, hata kwa gharama ya kufupisha matokeo.

Angalia tena vile vibarafu vinavyotoa jasho. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi, kama zile za pepopunda na homa ya ini aina ya B, huharibiwa na kuganda kama zinavyoharibiwa na joto. Kibarafu kilichotolewa kwenye jokofu na kugusishwa chupa papo hapo kinaweza kuiua chanjo ambayo mtu anadhani anaiokoa. Ndiyo maana wauguzi hungoja kile kijasho. Katika simulizi, maelezo haya hayampambi msemaji. Yanachelewesha hadithi, yanamwonyesha akisubiri kando ya meza wakati wa dharura. Mtunzi wa majibu ya kukariri asingeyaweka, kwa kuwa yeye hupenda mbio na ushindi. Undani wa aina hii hauibiki kwa urahisi. Hutoka mkononi mwa aliyeshika.

Kila aliyesoma fasihi simulizi katika shule ya upili nchini Kenya alifundishwa majigambo, au vivugo: nafsi ya kwanza, jina la sifa, matendo ya kishujaa, chuku. Kijana anapoambiwa "jiuze mbele ya jopo", huo ndio utanzu anaoukimbilia, hata asipojua. Lakini chuku ya majigambo ni halali kwa sababu hadhira inaijua kanuni na inashangilia. Hakuna anayemdai mwenye kivugo hati za simba aliyemwua. Jopo halina mapatano hayo na msailiwa. Ndugu wa karibu wa jibu la usaili ni ushahidi mahakamani: niliona hiki kwa macho yangu, nikafanya hiki kwa mikono yangu, na niko tayari kuhojiwa.

Hata hivyo siwezi kuilaumu "tulishirikiana" kana kwamba ni woga. Kwetu magharibi mwa Kenya, mtoto aliyelelewa vyema hatangazi mema yake mbele ya watu wazima. Mema ya mtu husemwa na wengine, na mara nyingi husemwa kwa ukamilifu siku ya mazishi yake, kipaza sauti kikipita kwa jirani, kwa mwalimu, kwa mwanakwaya mwenzake. Kisha siku moja kijana huyohuyo anaingia chumbani, anawakuta watu watano wenye umri wa mama yake na baba zake wadogo, na anaagizwa ajisifu. Anasema "sisi" kwa adabu. Anakatwa alama kwa adabu hiyohiyo, na hilo linaniuma.

Njia ya kutoka ipo ndani ya sarufi. Rudi kwenye jibu la pili: "Mhudumu wa afya wa jamii akaita bodaboda, mimi nikaandika daftarini." Mwenzake amepewa kitenzi chake, naye amechukua chake. Katika isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ngoma hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja husikika kwa mdundo wake bila yeyote kusema kubwa inajigamba. Nafsi ya kwanza umoja ikiwekwa kando ya nafsi za wengine hukoma kuwa majivuno. Inakuwa kipimo. "Sisi" ibaki kwa yale yaliyofanywa kwa pamoja kweli, na "mimi" isikimbie yaliyo yake.

Ni lipi basi la kusema juu ya lile sharti la kuisha vizuri? Usaili maarufu zaidi niujuao katika nchi hii ulikuwa wa hadharani. Mwaka 2016 Tume ya Huduma za Mahakama ilipotafuta Jaji Mkuu wa kumrithi Willy Mutunga, David Maraga, wakati huo jaji wa Mahakama ya Rufaa akiwa Kisumu, aliulizwa swali la kudhaniwa: kesi ya uchaguzi ikiangukia Jumamosi, siku ya Sabato kwake kama Mwadventista, je, utaketi kuisikiliza? Uzito wake ulikuwa wazi, maana Katiba inatoa siku 14 tu kwa kesi ya uchaguzi wa rais. Jibu la kukariri lingekuwa rahisi: nitatanguliza wajibu. Maraga alieleza kwamba ingemwia vigumu sana, na kwamba angezungumza na wenzake ili nafasi ipatikane. Kwa umbo, jibu hilo halina ushindi hata kidogo. Linataja mpaka wa msemaji, kisha linataja njia ya kuuzunguka kwa msaada wa wengine. Akateuliwa. Agosti ya mwaka uliofuata kesi ilikuja, na hukumu ikatolewa tarehe 1 Septemba 2017, ndani ya muda wa Katiba. Ile sentensi ya "namba ya pili ukutani, nami sikuipiga" ni ya ukoo huo. Inalifungulia jopo mlango, na msemaji anajua ameufungua.

Ni pale mlangoni ambapo majopo yetu mengi hukosea. Jibu linaisha, mtu anasema "asante, swali linalofuata", kalamu zinaandika. Bila swali la pili la kufuatilia, jibu la kwanza na la pili huweza kupata alama sawa, na yule aliyekariri akampita aliyetenda. Wananchi wanaosema kazi zina wenyewe hupata hoja ya bure: kama kilichopimwa ni ufasaha wa kukariri, kwa nini waamini kwamba kitu kingine hakikuamua?

Ombi langu kwa wanaosaili, wa kaunti na wa mashirika, ni hili. Tengeni kwenye karatasi ya alama nafasi ya swali la pili, na mliulize kila mara: ulikuwa na njia gani nyingine, nani hakukubaliana nawe, ungebadilisha nini? Mruhusuni msailiwa asimulie kwa Kiswahili akitaka. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Nawe uliyeitwa wiki ijayo, weka kando yale majibu ya kwenye simu. Chagua tukio moja uliloshika kwa mikono yako, hata kama liliisha kwa kugombezwa, na uende ukiwa tayari kuulizwa lolote juu yake.