Sufuria ya Saa Kumi

Nchini India ufundi wa jikoni hauishii kwenye biriani ya harusi. Uko pia kwenye ile sufuria ndogo ya saa kumi alasiri, watoto wanaporudi shule na njaa isiyosubiri, mama akafungua pakiti ya tambi za haraka na kuifanya chakula cha maana. Sufuria hiyo haisifiwi sana, na wanaojali afya huinyooshea kidole. Mimi naisifu kwa moyo wangu wote, kwa sababu anayeipika vizuri anachukua kitu ambacho kiwanda kimekwisha kukiamulia ladha, mafuta na chumvi, kisha anakiamua upya kwa mikono yake.

Tambi zenyewe zimetoka mbali. Momofuku Ando alizibuni mwaka 1958 huko Osaka, Japani, baada ya kuona jinsi mafuta ya moto yanavyofukuza maji kwenye tempura. Tambi zikishapikwa kwa mvuke na kukaangwa, hubaki na vitundu vidogo vidogo. Maji ya moto yakija baadaye hupenya humo na kuzilainisha mara moja. Ujanja wote ni huo, na kasoro pia iko hapo hapo, maana maji yanapotoka, mafuta huingia. India zilianza kuuzwa mwaka 1983 kwa jina la Maggi, kwa ahadi ya dakika mbili, na zikapokelewa kama za kwao. Si ajabu. Nyumba za kusini tayari zilikuwa na semiya, tambi nyembamba za ngano zinazokaushwa kikaangoni mpaka zibadilike rangi, kisha kupikwa pamoja na haradali, vitunguu na mboga, mlo uitwao upma. Mkono ulikuwa unajua la kufanya kabla pakiti haijafika.

Na jina hilo la Maggi lina historia ninayoipenda. Julius Maggi, msagaji nafaka wa Uswisi, alianza katika miaka ya 1880 kutengeneza unga wa supu wa njegere na maharage, ili familia za wafanyakazi wa viwandani, ambako wanawake hawakuwa na muda wa kupika, zipate chakula chenye nguvu kwa bei nafuu. Kwa hiyo mama wa Pune au Chennai anayemimina kikombe cha njegere kwenye sufuria ya Maggi anarudisha kitu kilichokuwamo tangu mwanzo.

Sasa tuangalie mkono ukifanya kazi. Mafuta kijiko kimoja tu, yapate moto sawasawa. Mbegu za haradali zinatangulia. Zinakaa kimya, kisha zinaanza kupasuka na kuruka, na hapo ndipo bizari nyembamba inaingia, sekunde chache tu, mpaka inukie. Wahindi huita hatua hii tadka, na ndiyo roho ya sufuria, kwa kuwa harufu za viungo vingi huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Asiyeipitia hujikuta akiitafuta ladha kwa chumvi. Kinafuata kitunguu, pilipili mbichi iliyopasuliwa, na tangawizi ya kusaga. Halafu mboga, na mboga zina foleni yake. Karoti na maharage machanga, yaliyokatwa vidogo kama punje za mahindi, huenda kwanza kwa sababu ni magumu. Njegere zinafuata. Nyanya huachwa zivunjike kabisa mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni, na hapa ndipo wenye haraka huharibu, maana nyanya isiyoiva huacha uchachu mbichi usiofichika kwa kiungo chochote. Pilipili hoho husubiri mwisho kabisa ili ibaki na mlio mdomoni.

Ndipo maji yaingie, yachemke, na tambi zitumbukie. Ushauri wangu hapa hauna mjadala: pakiti moja ya gramu 70 iwatoshe watu wawili, na mboga ziwe mara mbili au tatu ya uzito wake. Wengine huchemsha tambi pembeni na kumwaga maji ya kwanza, yaondoke na sehemu ya mafuta na chumvi. Ni njia nzuri kwa anayetaka tambi kavu. Anayetaka rojo atayahitaji, kwani wanga uliomo ndio unaoushikisha mchuzi. Choroko zilizochipua, yai, au vipande vya paneer, jibini la Kihindi, vikiongezwa, mtoto ataweza kukaa mpaka chakula cha usiku bila kurudi kabatini.

Chumvi ndiyo vita yenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, chini kidogo ya kijiko cha chai, na kile kijipakiti cha masala kinachokuja ndani ya pakiti ya tambi huchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja mdogo. Kutia nusu yake ni mwanzo mzuri. Mpishi hodari huwa na mkebe wake wa masala: giligilani kavu, bizari nyembamba, pilipili manga, pilipili kavu, kipande cha mdalasini na punje chache sana za uwatu, vyote vikikaushwa kwa moto mdogo bila mafuta. Uwatu ukigeuka rangi ya kahawia iliyoiva, toa haraka; ukizidi hapo masala yote yanakuwa machungu. Baada ya kusaga huongezwa manjano, tangawizi ya unga na amchur, unga wa embe mbichi zilizokaushwa. Uchachu wa amchur, au ndimu inayokamuliwa moto ukishazimwa, huufanya ulimi uridhike na chumvi kidogo. Ukiondoa amchur, msomaji wa Pwani atavikuta karibu vyote hivi jikoni kwake.

Kuna pia tambi za unga wa ngano isiyokobolewa, zinazoitwa za atta. Nazikubali, lakini rangi ya kahawia isimlaze mtu usingizi. Nyingi bado zimekaangwa, na kijipakiti cha chumvi bado kimo ndani.

Kwa vijana wengi wa India hiki ndicho chakula cha kwanza wanachojifunza kupika, mara nyingi bwenini, mbali na nyumbani. Ndiyo maana mama anayemsimamisha mtoto karibu naye na kumwonyesha wakati wa kutia haradali na namna ya kuingojea nyanya anamfundisha zaidi ya tambi. Dengu, kabichi ya kukaanga na ile upma ya semiya hufuata mpangilio huo huo. Kinachobadilika ni maji na muda wa motoni.