Saa Mbili za Baba

Baba aliacha saa mbili za mkononi. Ya mtoko ni nyembamba, ina mkanda wa ngozi na uso wenye vistari bila namba. Aliivaa kanisani na kwenye harusi mjini Bukoba. Ya kazi ni nene, ina mkanda wa kitambaa na namba zote 12. Aliivaa shambani Muleba, kwenye migomba na mibuni. Kaka aliniambia nichague kwanza.

Wengi husema ya mtoko ni pambo tu, ya kazi ndiyo saa ya kweli. Sikubali. Saa ya kazi asili yake ni jeshini: mwaka 1945 viwanda 12 vya Uswisi viliwatengenezea askari wa Uingereza saa za namna hiyo, zisomeke hata gizani bila ubishi. Lakini mkononi mwetu ubishi upo: mshale mfupi unaonyesha 7, sisi tunasema saa moja. Vistari havibishani na mtu. Ile tuliyoidhani ya kizungu zaidi ndiyo inayosomeka kwa Kiswahili.

Hata hivyo nimechukua ya kazi. Mama ana dawa ya saa kumi alfajiri, na umeme ukikatika chumba chake huwa giza totoro. Hapo namba zote hupotea. Hubaki mishale inayong'aa na nukta zake. Gizani, nayo husomeka kwa Kiswahili.